Kisumu au Kisumo: ugomvi wa irabu moja

Matatu ilikuwa imejaa isipokuwa kile kiti cha nyuma, cha katikati, ambacho kila abiria hukiona na kujifanya hajakiona. Tulikuwa stejini Nakuru na makanga alikuwa amekwishapoteza nusu ya sauti yake kwa kuita tangu alfajiri. "Kisumo mmoja! Mmoja wa Kisumo, tunatoka!" Mzee aliyeketi dirishani, suti ya kahawia na kofia mapajani, alivumilia mara tatu nne, kisha akatoa kichwa nje. "Kijana, mji ule unaitwa Kisumu. Ki-su-mu. Hata kwenye ramani wameandika hivyo." Makanga hakugeuka. "Jaduong', ramani haijawahi kulipa nauli." Gari zima likaangua kicheko. Mzee naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyefungwa bao lakini hakubali kwamba mchezo umeisha.

Tulipopita Salgaa makanga akapokea simu, akaongea Kikikuyu haraka haraka, akimwita aliyempigia "cucu", yaani bibi. Kumbe kijana hakuwa Mjaluo. Hiyo Kisumo alikuwa ameiokota vinywani mwa abiria wake. Mbele kidogo, tukikaribia Mau Summit, simu ya mzee nayo ikalia. Akaipokea kwa Kijaluo kilichonyooka, nami nikamsikia kwa masikio yangu mawili akimwambia mtu wake: "Adhi Kisumo." Naenda Kisumo. Ni yule yule aliyekuwa akiitetea ramani muda mfupi kabla ya hapo.

Kisa hicho kidogo kinapindua karibu kila tunachokidhania kuhusu ugomvi huu. Huwa tunadhani upande mmoja wako wenyeji wanaolijua jina na upande wa pili wageni wanaoliharibu. Hapa mwenyeji alikuwa akimsahihisha mgeni kwa kosa la kutamka kama mwenyeji.

Mimi naona hivi. Yule mzee ana majina mawili ya mji mmoja, na kila jina lina kazi yake. Kisumo ni la Kijaluo, la jikoni, la simu ya nyumbani. Kisumu ni la Kiswahili, la Kiingereza, la cheti cha kuzaliwa na tiketi. Ni kama mtu anayeitwa Otieno na mama yake na kuitwa kwa jina la ubatizo na mwajiri wake. Wote wawili wako sawa hadi mwajiri aanze kumwita kwa sauti ya mama. Kosa la makanga machoni pa mzee, nadhani, halikuwa la irabu. Lilikuwa la kuingia chumbani bila kupiga hodi.

Na tukisema ramani iamue, lazima kwanza tuikumbuke ramani yenyewe ilivyokuwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901, na kituo kikabatizwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Hilo ndilo lililokuwa jina la karatasi. Halikushindwa kwa maandamano wala kwa barua kwa gavana. Watu waliendelea tu kusema walilokuwa wakilisema, na Port Florence ikabaki jina la vitabu. Kilichosalia ni lile neno la kale linalohusishwa na sumo, na kusuma: kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, hasa njaa ikibisha hodi. Mjaluo atakuambia neno ni lake. Mluhya wa Maragoli atakuambia kusuma ni neno la kwao pia. Sioni ajabu. Mahali majirani walipokuwa wakibadilishana nafaka, samaki na mifugo, jina la mahali hapo lisingekuwa la jirani mmoja peke yake.

Hiyo "u" ya mwisho, lakini, imewapa watu wa Pwani cha kucheka. Rafiki yangu kutoka Mombasa alipofika mara ya kwanza aliniuliza kwa nini watu wazima na akili zao waliuita mji wao sumu ndogo. Nikamwambia Kiswahili si kamusi ya kila jina lililoko Kenya. Akanijibu kwamba mwenye "Kisumo" hangepata taabu hiyo, na kwa hilo sikuwa na la kusema.

Kuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi kwamba sauti mara nyingi ni kisingizio tu. Ni Maseno, kilomita chache kutoka Kisumu ukielekea Busia. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walipoanzisha shule pale mwaka 1906, jina lililoshika ni la mti uliokuwa mahali hapo, oseno kwa Wajaluo, oluseno kwa Waluhya. Leo hakuna anayelitamka Maseno vibaya. Mjaluo, Mnyore, Mragoli, mwanafunzi aliyetoka Garissa kuja chuo kikuu, wote wanasema vilevile. Hata hivyo kaunti za Kisumu na Vihiga zimevutana kwa miaka juu ya nani mwenye Maseno, na katika mabishano ya vijiweni mti ule huitwa shahidi. Ukiuita oseno, umeshaipa Kisumu ardhi. Ukiuita oluseno, umeisogeza Maseno ng'ambo ya pili ya mpaka. Silabi mbili za mwisho za mti, seno, hazina ubishi hata kidogo. Wanagombania kipande cha mbele, kile kinachosema mti ulikuwa ukizungumza lugha gani.

Karatasi nazo zina makosa yake, tena ya kuchekesha. Mji wa Mumias uliitwa Elureko. Ulipokuwa kituo cha misafara na cha maafisa wa Kiingereza, walisema wanakwenda kwa Mumia, yaani kwa Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, na kwa Kiingereza umilikaji huo huwekewa "s" mwishoni. Ile ritifaa, kialama cha juu kinachotangulia "s" hiyo, ikaanguka njiani, "s" ikabaki. Nabongo akafariki mwaka 1949, na hadi leo mji mzima unaitwa "wa Mumia" bila kusemwa ni nini cha Mumia. Wenyeji wengi wameushonea irabu ili ukalike mdomoni: Mumiasi. Oyugis, kule upande wa Homa Bay, ina mkia wa aina hiyo hiyo. Mtu akikucheka kwa kusema Mumiasi, mwambie aanze kwanza kuitafuta hiyo "s" kwenye ukoo wa Wanga.

Eldoret ni hadithi ya namna yake. Jina la karatasi linasemekana limetokana na neno la Kimaasai la mto wa mawe. Lakini kabla ya jina hilo kutangazwa mwaka 1912, mahali hapo palikuwa shamba namba 64 katika mgao wa mashamba ya walowezi, na wenyeji walioisikia "sixty-four" kila siku wakaitengeneza kwa nyundo yao: Sisibo. Hadi leo wako wazee wanaosema wanakwenda Sisibo kuuza maziwa. Mji ulipopewa hati ya kuwa jiji Agosti 2024, hati haikuandikwa Sisibo, bila shaka. Lakini ukiniuliza, Sisibo ndilo jina ambalo watu walilitengeneza wenyewe kwa malighafi waliyopewa. Na kaunti yenyewe, Uasin Gishu, hukaa mdomoni mwa wengi kama Wasin Gishu, jambo ambalo halijamzuia mtu yeyote kuvuna mahindi.

Nimekulia Nakuru, na Nakuru ni darasa zuri kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kudai sauti ya jina. Ni jina la Kimaasai. Wengi hulifasiri kuwa mahali pa vumbi, na aliyewahi kuona vumbi likizunguka kutoka upande wa ziwa mwezi wa Februari hahitaji mkalimani. Lakini Wamaasai ni wachache mjini, na sisi wengine tuliletwa na reli, na mashamba ya walowezi, na biashara, na bahati. Kwa hiyo kila mmoja wetu ni mgeni ndani ya jina hilo. Mkalenjini wa Rongai anapolitamka, "k" yake iliyokaa katikati ya irabu hulainika hadi ukasikia kitu kinachokaribia "Naguru". Mkikuyu wa Bahati hupandisha na kushusha toni pasipo na kilima kwa Kiswahili. Vijana wamelikata kabisa, wakabaki na Nax. Sijawahi kumsikia mtu akigombana stejini kwamba Nax si jina.

Jirani yetu mmoja mkongwe, Mungu amweke, alikuwa akisema "Kithumu". Kikikuyu hakina "s" ile, na ulimi wake ulikuwa umeshakomaa kabla hajaikuta. Mkwewe, Mjaluo, alikuwa akisema "Naivasa", kwa kuwa Kijaluo nacho hakina "sh". Walikuwa wakichekana mezani, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye asiyejua kusema. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanasema vyote viwili sawasawa, na hawakuona cha kucheka.

Ningependa kuiacha hadithi hapo mezani, lakini mtu wa Nakuru hawezi. Mwisho wa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika mjini kwetu na Naivasha, lafudhi iliacha kuwa kichekesho. Mtu angeweza kuficha kitambulisho, angeweza kubadilisha shati, lakini angesema maneno mawili na kujulikana alikotoka. Ndiyo maana nikisikia kijana redioni akiwaigiza Wakalenjini au Wajaluo kwa matamshi ya majina ya miji, nacheka nusu na nusu nyingine nakaza meno. Wenye umri wangu wanajua ni kwa nini. Wadogo wanadhani mimi ni mkali tu.

Basi je, kila matamshi ni sawa? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wapole wanaosema kila mtu aachwe. Kuna tofauti kubwa kati ya sauti ambayo ulimi wako haukulelewa nayo na sauti unayoitumia kila siku ila huoni haja ya kuitumia kwa jina la mwenzako.

Chukua Nyang'oma Kogelo, kijiji cha Siaya. Tangu mwaka 2008, Barack Obama alipokuwa akigombea urais wa Marekani na kijiji cha baba yake kikajaa kamera, nimewasikia watangazaji wa Kiswahili, tena wenye sauti za kuvutia, wakisema "Nyangoma". Kwamba mtangazaji wa kigeni ashindwe, sawa. Lakini huyu wa kwetu, katika taarifa hiyo hiyo, anasoma habari ya wizi wa ng'ombe kule Baringo na "ng'" inamtoka bila jasho. Hawezi kuniambia hana sauti hiyo. Anayo, amezaliwa nayo, anainunulia maziwa. Alichokosa ni dakika moja ya kumpigia mwandishi wake wa Siaya na kuuliza. Ng'iya imepatwa na balaa hilo hilo. Mtu wa Ng'iya akisikia mji wake ukisomwa kama mtu anayekaba koo, anajua kwamba habari hii haikuandikwa kwa ajili yake.

Na kosa la mtangazaji mara nyingi huanza na mchora vibao. Ritifaa ni kitone kidogo, hakili rangi hata tone, lakini ndicho cha kwanza kusahaulika kwenye kibao cha barabara, kwenye muhuri wa shule, kwenye fomu ya kompyuta inayokataa alama yoyote isiyo herufi. Mtoto anajifunza kusoma jina la kijiji chake kutoka kwenye kibao hicho. Miaka ishirini baadaye anarudi kutoka mjini akilitamka kama mgeni, na bibi yake anadhani ni majivuno.

Luanda ya Vihiga ina shida ya kinyume, maana pale herufi zimezidi. Kwa namna ilivyoandikwa, mgeni kutoka Nairobi husema Lu-a-nda, silabi tatu, kama anaagiza tiketi ya ndege kwenda Angola. Wenyeji husema Lwanda, na upande wa Wajaluo, ambako lwanda ni mwamba, hata shujaa wa Kano aliyegeuka jiwe katika simulizi huandikwa Luanda Magere na mmoja, Lwanda Magere na mwingine. Hapa simlaumu mgeni. Alisoma alichoandikiwa.

Lakini kesi inayonihusu mimi mwenyewe ni ya karibu zaidi. Nimeishi miaka tisa katika mtaa wa Nakuru ambao kila makanga, kila muuza mboga na kila mwenye nyumba huuita Rhonda. Katika orodha ya tume ya uchaguzi, wadi yetu, iliyo ndani ya eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi, inaitwa Rhoda. "N" haipo. Siku moja nilikwenda kwenye dirisha la ofisi moja hapa mjini kusahihisha anwani yangu. Binti wa dirishani akaandika, akabofya, akanitazama. "Mzee, hakuna Rhonda." Nikamwambia ndiko ninakotoka asubuhi hiyo. "Kwa kompyuta hakuna. Kuna Rhoda." Nikamwuliza yeye mwenyewe anakaa wapi. Akacheka kwa aibu. "Rhonda."

Alinihudumia vizuri, na simlaumu. Ila nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba nimelipa kodi ya nyumba kwa miaka tisa mahali pasipokuwapo. Jirani zetu wa Kaptembwo wako katika hali hiyo hiyo: karatasi inamaliza kwa "o", vinywa vingi vinamaliza kwa "a". Shabab nao wameongezewa irabu na serikali, wadi yao ikawa Shaabab, na sijakutana na mtu aliyeirefusha sauti hiyo nje ya karatasi ya kura.

Wako watakaosema hizi ni anasa za watu wasio na kazi. Mji ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na bado kuna mitaro iliyoziba. Nani ana muda wa "n" moja? Jibu langu ni la mtu aliyewahi kupiga simu ya dharura. Ukiwa na mgonjwa usiku na mtu wa upande wa pili anatafuta Rhonda kwenye orodha yenye Rhoda tu, hiyo "n" ina urefu wa dakika tano.

Sisemi tubadilishe kila kitu. Wapo wanaotaka Kisumu iandikwe rasmi Kisumo ili historia irudi kwa wenyewe. Nawaelewa, lakini siungi mkono. Kisumu ya leo ina Wahindi ambao mababu zao walikuja na reli, ina Wanubi wa Kibos, ina Waluhya ambao soko lilikuwa lao pia, ina Wakisii, ina yule makanga Mkikuyu. Jina la karatasi likiwa si la mmoja wao kikamilifu, kila mmoja anaweza kulishika kwa mpini wake. Na Kisumo haihitaji kibali cha serikali ili iishi. Imeishi zaidi ya miaka mia bila kibali hicho, ikaizika Port Florence, na sioni itakachofaidika ikianza kuvaa tai.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Palipo na ritifaa, iandikwe. Orodha ya wadi iwe na nafasi ya jina la pili, lile ambalo watu wanaliita, kama vile kitambulisho kinavyobeba majina matatu bila kuchanganyikiwa. Msomaji wa habari apige simu moja kabla ya saa moja jioni. Kwa mkongwe anayesema Kithumu na mkwewe anayesema Naivasa, sina ombi lolote.

Tulipofika Ahero, makanga alifungua mlango na kupaza ile nusu ya sauti iliyobaki. "Ahero! Kuna wa Ahero?" Mzee wa suti ya kahawia, ambaye safari yake ya Kisumo ilikuwa na kituo hapo kwanza, akainuka, akaomba mfuko wake wa viazi vya Molo ushushwe taratibu. Kijana akaushusha kwa mikono miwili. Mama aliyekuwa kando yangu akamwuliza kama anajua anachokisema kila siku akifika hapo. Hajui. "Kwa Kijaluo umesema unapenda." Kijana akasimama mguu mmoja ndani, mmoja lami, akimtazama mzee anayevuka barabara na viazi vyake. "Sasa mathe, miaka yote hii nimekuwa nikimwambia nani?" Kisha akagonga bodi ya gari mara mbili, akamwambia dereva twende Kisumo.